Hifadhi Si Uadui: Barua ya Wazi kwa Mawaziri wa Mambo ya Nje wa Jumuiya ya Afrika Mashariki



YAH: WAFICHUZI WA MAOVU WANAOOMBA HIFADHI NJE YA NCHI ZAO

Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuhusu wakimbizi ulipitishwa Addis Ababa tarehe 10 Septemba 1969 na ukaanza kutumika mwaka 1974. Ibara yake ya pili inasema kwamba kumpa mkimbizi hifadhi ni tendo la amani na la kiutu, na kwamba nchi mwanachama yoyote isilichukulie kuwa tendo la uadui. Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo (hapa Kongo) zote zimeuridhia mkataba huo. Kambi za Nyarugusu na Kakuma na makazi ya Nakivale yamesimama juu ya kanuni hiyo: jirani hupokea watu wa jirani, na mabalozi huendelea kunywa chai pamoja.

Kwa mfichuzi wa maovu hali hubadilika. Mkimbizi wa vita huja na habari ambayo kila mtu anaijua, kwamba kwao kuna vita. Mfichuzi huvuka mpaka peke yake, akiwa na nyaraka ambazo wenye mamlaka walitaka zibaki kabatini: mkataba hewa, hesabu za benki, amri ya siri. Kosa analodaiwa kulitenda na sababu ya kukimbia kwake ni kitu kimoja. Nchi inayompokea, hata kama haijasoma ukurasa mmoja wa nyaraka hizo, huonekana imeshiriki kuzitoa. Hapo ibara ya pili husahauliwa, na suala la kisheria huanza kuamuliwa kwa simu za usiku baina ya wizara na wizara.

Kesi ya Edward Snowden inaonyesha jambo hili vizuri, kwa kuwa karibu kila mlango ambao mfichuzi anaweza kuubisha ulibishwa, na majibu yakatolewa hadharani. Mwezi Mei 2013 Snowden, kijana wa miaka 29 aliyeajiriwa na kampuni ya Booz Allen Hamilton kufanya kazi za Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani, NSA, aliondoka Hawaii akaenda Hong Kong. Tarehe 5 Juni gazeti la The Guardian lilichapisha amri ya siri ya mahakama iliyoitaka kampuni ya Verizon kukabidhi kila siku kumbukumbu za simu za wateja wake. Siku nne baadaye alijitaja jina. Waendesha mashtaka wa Marekani walimfungulia mashtaka matatu, mawili kati yake chini ya Sheria ya Ujasusi ya mwaka 1917. Sheria hiyo ilitungwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ikiwalenga wapelelezi wa adui, na mahakama zimeitafsiri kwa namna isiyompa mshtakiwa nafasi ya kujitetea kwamba alichofichua kilikuwa na manufaa kwa umma.

Wakati huo Hong Kong ilikuwa na makubaliano na Marekani ya kukabidhiana watuhumiwa. Serikali yake ilisema karatasi zilizoletwa hazikutimiza matakwa yote ya sheria, na tarehe 23 Juni ikamwacha mgeni wake apande ndege ya Aeroflot kwenda Moscow. Siku moja kabla, Washington ilikuwa imeifuta pasipoti yake. Hatua hiyo ndiyo iliyoamua yote yaliyofuata. Snowden alikuwa na nafasi katika ndege ya kwenda Havana tarehe 24, safari ikielekea Amerika ya Kusini. Waandishi wa habari waliokata tiketi za ndege hiyo walisafiri saa nyingi wakikitazama kiti kitupu. Bila hati ya kusafiria alikwama katika eneo la abiria wa kupita la uwanja wa Sheremetyevo kwa zaidi ya mwezi mmoja. Marekani, iliyomlaumu kwa miaka mingi kwa kukaa Urusi, ndiyo iliyomfungia njia ya kutoka Urusi.

Akiwa hapo alipeleka maombi ya hifadhi kwa nchi 21. Nchi kadhaa za Ulaya zilijibu kwamba mwombaji lazima awe ndani ya ardhi yao au mpakani kwao. Kwa maandishi ya sheria zao nyingi, jibu hilo lilikuwa sahihi. Lilimtaka tu mtu asiye na pasipoti afike kwanza. India ilikataa. Ekuado, iliyokuwa imempa hati ya dharura kupitia ofisa wake wa London, ilirudi nyuma na kusema hati hiyo haikuwa na idhini. Katika orodha ya nchi hizo 21 haikuwamo hata moja ya Afrika.

Tarehe 2 Julai mvutano ulifika angani. Rais Evo Morales wa Bolivia alikuwa akirudi nyumbani kutoka mkutano wa nchi zinazouza gesi uliofanyika Moscow. Kukazuka uvumi kwamba Snowden yumo ndani ya ndege yake. Ufaransa na Ureno ziliizuia ndege hiyo kupita, na Bolivia ikazilaumu pia Italia na Hispania. Ndege ya mkuu wa nchi ikatua Vienna, na Morales akakaa uwanjani hapo usiku kucha. Snowden hakuwemo. Ufaransa iliomba radhi. Viongozi wa Amerika ya Kusini walikutana Cochabamba kuilaani hatua hiyo, na siku chache baadaye nchi za Mercosur zikakubaliana kuwaita mabalozi wao nyumbani kwa mashauriano kutoka katika mataifa manne ya Ulaya. Venezuela, Nikaragua na Bolivia zilitangaza kumpa Snowden hifadhi ndani ya siku hizo hizo. Serikali zilizotaka asipate pa kwenda zilimfungulia milango mitatu, ingawa hakuwa na njia ya kuifikia hata mmoja.

Urusi ilimpa hifadhi ya muda ya mwaka mmoja tarehe 1 Agosti. Siku sita baadaye Rais Barack Obama alifuta mkutano wake na Vladimir Putin uliopangwa kufanyika Moscow, suala hilo likiwa miongoni mwa sababu zilizotajwa. Mwezi Septemba Rais Dilma Rousseff wa Brazili aliahirisha ziara ya kitaifa ya Washington, baada ya nyaraka kuonyesha kwamba mawasiliano yake mwenyewe na ya kampuni ya mafuta ya Petrobras yalifuatiliwa. Ujerumani, ambako ilidaiwa simu ya Kansela Angela Merkel ilikuwa ikisikilizwa, ilimfukuza mwaka 2014 mkuu wa CIA mjini Berlin, lakini haikukubali kumleta Snowden kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge iliyoundwa kuchunguza mambo aliyoyafichua yeye. Mwaka 2015 Bunge la Ulaya lilipiga kura, 285 dhidi ya 281, kuzitaka nchi wanachama zimlinde. Azimio halikuwa na nguvu ya kisheria, na hakuna iliyomlinda. Mwezi Septemba 2022, miezi saba baada ya Urusi kuivamia Ukraine, Snowden alipewa uraia wa Urusi.

Kisa hiki si cha Ulaya na Amerika peke yake. Mwezi Mei 2014 ilichapishwa habari, kutokana na nyaraka hizo hizo, kwamba NSA ilikuwa ikikusanya kumbukumbu za simu za nchi nzima katika nchi kadhaa, na Kenya ilitajwa miongoni mwao. Mwaka 2020 mahakama ya rufaa ya Marekani ilitamka kwamba mpango wa kukusanya kumbukumbu za simu uliofichuliwa mwaka 2013 ulivunja sheria. Kesi iliyozaa tamko hilo ilikuwa ya Wasomali wanne waliotiwa hatiani San Diego kwa kutuma fedha kwa al-Shabaab. Hukumu zao zilibaki, ila mpango ulionekana haramu. Kwa hiyo mkazi wa Kisumu au wa Eastleigh amenufaika na ufichuzi wa mtu ambaye hakuna serikali ya ukanda huu iliyowahi kuulizwa kama ingempokea.

Sheria ya kimataifa inasema nini juu ya mtu wa aina hii? Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951 unataja sababu tano za hofu ya kuteswa: asili, dini, uraia, kuwa mmoja wa kundi fulani la kijamii, na maoni ya kisiasa. Mfichuzi hatajwi. Huingia, akiingia, kupitia mlango wa maoni ya kisiasa. Mahakama za nchi zinazojulikana kwa ukali wa mipaka zimeukubali mlango huo: mwaka 2000 mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua kwamba ofisa wa forodha wa Ufilipino aliyefichua magendo ya wakubwa wake aliweza kuhesabiwa kuwa ametoa maoni ya kisiasa, na mwaka huo huo mahakama ya rufaa ya shirikisho ya Kanada iliamua hivyo hivyo juu ya malalamiko dhidi ya rushwa ya maofisa nchini Ukraine. Rushwa inapokuwa ndiyo njia ya kutawala, kuisema ni siasa, hata kama msemaji hana kadi ya chama chochote.

Upande wa pili wa sheria nao una uzito wake. Anayekimbia mashtaka ya kawaida si mkimbizi. Mwizi wa benki hawi mfichuzi kwa kubeba daftari la benki, na serikali ina haki ya kutunza siri za kweli za ulinzi. Ndiyo maana kila ombi linahitaji kusikilizwa na chombo chenye uwezo wa kupima: kilichofichuliwa ni nini, kilipelekwa kwa nani, adhabu inayomngoja mwombaji inalingana na kosa au inazidi, na kama kesi yake kwao ingesikilizwa kwa haki. Wizara ya mambo ya nje haifai kupima mambo hayo. Si kwa sababu watumishi wake ni wabaya. Kazi yao ni kulinda uhusiano na nchi nyingine, na uhusiano huo ndio unaotishiwa na ombi lililo mezani.

Mfano wa karibu ni wa Oktoba 2024, wakati Wizara ya Mambo ya Nje ya Kenya ilipothibitisha kwamba raia wanne wa Uturuki waliokuwa wakimbizi nchini walirudishwa kwao kwa ombi la Ankara, ikieleza kwamba uhusiano wa muda mrefu wa nchi hizo mbili ulizingatiwa. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilionyesha wasiwasi mkubwa. Watu hao hawakujulikana kama wafichuzi, lakini njia iliyotumika ndiyo ambayo mfichuzi huiogopa kuliko zote: hakuna hoja mahakamani, hakuna rufaa, kuna ndege tu.

Afrika Mashariki nayo imewatoa wafichuzi wake. John Githongo aliteuliwa mwaka 2003 na Rais Mwai Kibaki kuwa Katibu Mkuu wa masuala ya utawala bora na maadili. Alipochimba mikataba ya Anglo Leasing, ambayo serikali ililipa kampuni zisizokuwapo, alikuta njia inarudi kwa mawaziri aliokuwa akiketi nao. Mwezi Februari 2005 alijiuzulu akiwa London, akabaki uhamishoni Uingereza, na mwanzoni mwa 2006 taarifa yake ilitoka kwenye vyombo vya habari. Waziri wa Fedha, David Mwiraria, alijiuzulu. Uhusiano wa Nairobi na London ulikuwa tayari na vumbi: Balozi Edward Clay alikuwa ameituhumu serikali waziwazi kwa ulafi mwaka 2004, na mwaka 2008, alipokuwa amekwisha kustaafu, aliambiwa kwamba hatakiwi tena Kenya. Wapo waliomwona Githongo kama kibaraka wa Waingereza. Tuhuma hiyo humfuata karibu kila mfichuzi anayehifadhiwa na taifa kubwa, na njia nyepesi ya kuipunguza nguvu ni kumwezesha mtu wa Nairobi kupata hifadhi Dar es Salaam au Kampala.

Asiyekuwa na London ya kukimbilia hubaki. David Munyakei, karani wa Benki Kuu ya Kenya, ndiye aliyetoa nyaraka za kashfa ya rushwa ya Goldenberg mapema miaka ya 1990. Alikamatwa, akafutwa kazi, akaenda kujificha Mombasa. Alifariki mwaka 2006 akiwa maskini.

Kisa cha Kongo ndicho kinachopaswa kuwashughulisha mawaziri zaidi, kwa kuwa Kongo ni mwanachama wa Jumuiya tangu 2022. Gradi Koko na Navy Malela walikuwa watumishi wa benki ya Afriland First Bank mjini Kinshasa. Nyaraka walizotoa zilitumika katika ripoti ya mwaka 2020 iliyodai kwamba mfanyabiashara Dan Gertler, aliyewekewa vikwazo na Marekani mwaka 2017, aliitumia benki hiyo kuvikwepa. Benki na Gertler walikana. Wafichuzi hao walikuwa wamekwisha kukimbilia Ulaya pamoja na familia zao. Mwanzoni mwa 2021 ilijulikana kwamba mahakama ya Kinshasa ilikuwa imewahukumu kifo mwaka uliotangulia, bila wao kuwapo. Wakati huo hukumu ya kifo nchini Kongo ilikuwa haitekelezwi. Mwezi Machi 2024 serikali iliondoa zuio hilo la zaidi ya miaka 20.

Nchi za Ulaya haziwezi kumrudisha mtu kwenye adhabu ya kifo. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliweka msingi wa katazo kama hilo mwaka 1989 katika kesi ya Soering. Marekani yenyewe ililijua hilo, ndiyo maana mwezi Julai 2013 mwanasheria wake mkuu aliiandikia Urusi kuahidi kwamba Snowden hangeuawa wala kuteswa. Lakini karani wa benki wa Goma au Bukavu hana ndege ya kwenda Ulaya. Ana mpaka wa Gisenyi, wa Bunagana, au mashua ya kwenda Kigoma. Atakayefika upande wa pili atakutana na sheria ambazo hazikuandikwa kwa ajili yake. Uganda ina sheria ya kuwalinda watoa taarifa tangu 2010, Tanzania tangu 2015, na Rwanda iliandika upya ya kwake mwaka 2017. Muswada wa Kenya ulizunguka kwa miaka mingi. Zote zinamfikiria mtumishi anayeripoti wizi wa nchini kwake kwa mamlaka ya nchini kwake na kubaki hapo. Mkataba wa Afrika dhidi ya rushwa, uliopitishwa Maputo mwaka 2003, nao unaitaka kila nchi iwalinde watoa taarifa, lakini hausemi afanye nini yule ambaye nchi yake ndiyo inayomwinda.

Mkataba wa 1969 wenyewe una mtego. Baada ya ibara ya pili kusema hifadhi si uadui, ibara ya tatu inazitaka nchi zimzuie mkimbizi kuishambulia nchi yoyote mwanachama kwa vitendo vinavyoweza kuleta mvutano, na inataja silaha, magazeti na redio. Mwaka 1969, harakati za ukombozi zikiendelea na serikali changa zikiogopa mapinduzi, kifungu hicho kilieleweka. Kwa mfichuzi wa leo ni kufuli mdomoni. Jambo pekee analoweza kufanya, yaani kueleza alichokiona, ndilo nchi mwenyeji inaweza kudai kwamba imefungwa na mkataba kulikataza. Putin alimwekea Snowden sharti linalofanana na hilo tarehe 1 Julai 2013: akitaka kubaki, aache kazi inayowadhuru Wamarekani. Snowden aliliondoa ombi lake, kisha akalirudisha siku chache baadaye kwa kuwa hakuwa na pengine pa kwenda. Urusi haikuhitaji mkataba wa kuitetea. Nchi ya Afrika ingekuwa nao tayari.

Mawaziri wanaombwa, kwanza, wakubaliane juu ya tafsiri ya pamoja ya ibara hiyo ya tatu: kwamba kutoa hadharani, au kuwapa waandishi, wabunge na mahakama, ushahidi wa wizi wa mali ya umma au wa uvunjaji mkubwa wa haki si kuishambulia nchi. Hakuna haja ya kuubadili mkataba. Baraza la Mawaziri la Jumuiya mjini Arusha linaweza kutoa tamko, na tamko hilo likawa ngao ya nchi mwenyeji pale jirani anapopiga simu: jibu lake litakuwa limekwisha kuandikwa, na jirani mwenyewe atakuwa amelitia saini.

Ombi la pili linahusu mahali pa kuamulia. Maombi ya wafichuzi yabaki mikononi mwa vyombo vya wakimbizi na mahakama, na wizara za mambo ya nje zitoe tu taarifa zinapoombwa, kwa maandishi yanayoweza kujibiwa na mwombaji. Mtu anayetakiwa kwao kwa kosa adaiwe kwa njia ya kisheria ya kukabidhiana watuhumiwa, mbele ya hakimu. Kumwondoa kwa kumwita mhamiaji haramu na kumsukuma mpakani kusihesabiwe kuwa ushirikiano wa kiusalama.

Kuhusu hati za kusafiria, ibara ya sita ya mkataba wa 1969 tayari inazitaka nchi ziwape wakimbizi walioko kihalali ndani ya ardhi yao. Uzito wake unaonekana Sheremetyevo: serikali inayoweza kufuta pasipoti inaweza kuchagua mahali ambapo mkosoaji wake atakwama. Hati itolewe hata kabla ombi halijakamilika, pale ambapo pasipoti imefutwa baada ya ufichuzi. Tena ibara ya pili inairuhusu nchi inayoona ugumu wa kuendelea kumhifadhi mtu kuziomba nchi nyingine za Afrika zimpunguzie mzigo. Rwanda au Uganda inaweza kushindwa kumweka mfichuzi wa Kongo mjini mwake bila kuchochea ugomvi mpya, na ugumu huo ni wa kweli. Hali ya Kivu, mashariki mwa Kongo na mpakani mwa nchi hizo, haihitaji kuelezwa. Basi Tanzania, au Kenya, iombwe impokee, safari yake isimamiwe na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, na nchi aliyotoka ijulishwe kwa barua ya kidiplomasia inayotaja ibara ya pili, aya ya pili.